Waya Niliosema Nimeupima

Kwanza ilikuwa sauti. Ta! Ndogo, kavu, kama punje ya bisi inayopasuka chini ya kifuniko cha sufuria. Nilikuwa nimeinama nyuma ya televisheni, kichwa kati ya meza na ukuta, sioni kitu ila vumbi na nyaya. Nikajiambia hiyo ni swichi ya duka la jirani. Kisha ikaja harufu, ya nywele zilizoshika moto pamoja na sukari. Nilipoinua kichwa, moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mashine ya gemu ya baharia, na watu watatu waliokuwa dukani wameganda.

Mtu mmoja alipoteza kazi kwa sauti ile. Si mimi.

Mimi ni Mishi, na wengi wenu mwaniita Fundi Mishi, ingawa macho yamenistaafisha na chuma cha kuchomelea nimeshakiweka chini. Miaka thelathini na kitu nilitengeneza televisheni na mashine za gemu katika duka moja la barabara ya Ndia Kuu, kati ya muuza vinyago na muuza vitambaa. Siku hizi nyinyi vijana mwanijia hadi mlangoni na mashine zilizokuwa zikichezwa na baba zenu, mmezifunga kwa kanga kama watoto wachanga, na swali lenu ni moja: "Bi Mishi, ninunue waya gani?" Nilidhani nitawajibu kwa ukurasa mmoja, nipumzike. Lakini mwezi huu limenikuta jambo ambalo hadi sasa halijanitoka kichwani. Kwa hiyo mtanivumilia. Waya nitawaeleza, na Katana pia nitawaeleza, maana siwezi tena kuvitenganisha.

Tuanze na mepesi. Waya mnaoujua wote ni ule wa vichwa vitatu: njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Ukisikia muziki wa gemu na kioo ni cheusi, usikimbilie kuifungua mashine. Njano yako haikukaa vizuri, au imekaa tundu la jirani. Mama mmoja wa Kibokoni aliniita siku moja, sauti ya msiba kabisa. Picha ya mashine ya wanawe ilikuwa imepoteza rangi, wachezaji wote wamekuwa kijivu. Nilipofika, mashine ilikuwa inanukia udi kuliko bibi harusi. Ameshaifukiza mara mbili. Nikatizama nyuma: kichwa cha njano kimechomekwa tundu la kijani. Nikakihamisha, rangi zikarudi, naye akapiga ukelele hadi majirani wakaja kuuliza nani kafa.

"Kumbe ni hivyo tu?" akasema.

"Ni hivyo tu, mama."

"Na udi wangu wote ule!"

Lakini kuna kijivu kingine. Mashine ya Japani kwenye televisheni kuukuu ya hapa kwetu itakupa picha isiyo na rangi hata kama kila kichwa kiko mahali pake, kwa sababu rangi za kule hupangwa kwa njia nyingine. Hapo hujakosea, na usimlaumu aliyekuuzia. Tafuta televisheni inayokubali njia zote mbili, au waya unaobeba nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake.

Na hivi visanduku vidogo vya kubadilisha picha iingie kwenye televisheni bapa za kisasa! Nilipokiona cha kwanza nilishtuka kwa wepesi wake, nikadhani ni cha kuchezea. Vingine ni vizuri. Vingine vinachelewesha picha, unabonyeza uruke, mchezaji anaruka ukiwa umeshaanguka shimoni. Njia ya kukijua ni rahisi: bonyeza huku ukisikiliza kidole na ukitizama kioo. Kama kidole kinatangulia, kirudishe dukani.

Kingine ni chumvi. Nyinyi wa kisiwani mnanunua waya mpya kila mwaka, mwasema ni wa bandia. Bwana Murtaza, tajiri wangu, alikuwa akiushika waya uliokufa, anaung'oa kofia, anakuonyesha ukijani ndani yake. "Usimtukane Mchina," asema. "Hii ni kazi ya upepo wa hapa." Mswaki mkuukuu, spiriti kidogo, kausha, chomeka tena. Nusu ya nyaya nilizofufua maishani nilizifufua kwa mswaki.

Bwana Murtaza babu zake walitoka Bara Hindi na duka lilikuwa la baba yake. Kofia nyeupe, penseli sikioni, na hasira isiyozidi dakika tatu. Aliniajiri niuze betri na balbu kaunta. Fundi wake alikuwa Katana, kijana wa kutoka upande wa Kaloleni, mrefu, mwenye vidole ambavyo ungedhani ni vya mpiga kinanda. Yeye ndiye aliyenifundisha. Tajiri hakuniona kama fundi, Katana aliniona. Wateja wakipungua alikuwa akinisogezea kigoda, ananipa chuma cha moto na vipande vya waya vya kuharibu.

"Usiisukume risasi ya kuchomelea, dada wa betri. Ingoje iyeyuke yenyewe."

"Imenichoma, daktari!"

"Basi sasa mwajuana."

Daktari ndilo jina nililompa, kwa jinsi alivyokuwa akizigusa mashine kama zina homa. Na alikuwa na tabia moja iliyonichosha: kila waya alikuwa akiupima kwa mita, kile kifaa cha kupimia umeme, hata uliotoka kwenye karatasi yake. Anagusa pini moja hapa, nyingine kule, anasikiliza mita: ikilia, pini hizo zimeungana; ikinyamaza, hazikuungana. "Mimi waya siujui kwa sura," alikuwa akisema. Alinishauri niwe na alama yangu, ili waya nilioupima usichanganyike na mwingine. Nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu. Kila waya niliopima nikautia tone moja kichwani. Bwana Murtaza akacheka, akasema nyaya zake sasa zimepambwa kwa harusi.

Sasa nisikilizeni kuhusu waya wa pini ishirini na moja.

Kichwa chake ni kipana, bapa, kimekatwa pembe moja, na ndani yake pini zimepangwa safu mbili. Kwa mashine za zamani hakuna waya uliotoa picha kama ule. Waweza kuhesabu nyusi za mchezaji. Ulaya waliutumia kwenye televisheni zao, na Japani nao wakatumia kichwa cha umbo lile lile. Umbo ni moja, tundu ni moja, kinaingia bila ubishi. Ndani, pini zimeunganishwa kwa mpango mwingine kabisa. Mtu wa Ulaya huenda asiuone waya wa Kijapani maisha yake yote, na wa Japani hivyo hivyo. Lakini kwetu, televisheni za Ulaya zilikuwa zikishushwa kwenye makontena na kulala katika magodauni ya Shimanzi, na mashine za Japani zikija katika mikoba ya mabaharia. Zikakutana kwenye meza yetu. Nyaya zao zikalala katika boksi moja.

Televisheni ya Ulaya tuliyokuwa nayo dukani haikuwa ikihamia kwenye picha ya mashine hadi ipewe umeme kidogo, volti kumi na mbili, kwenye pini ya nane. Bwana Murtaza alitengeneza kisanduku cha kutoa umeme huo. Kwenye waya wa Ulaya pini hiyo ya nane haifiki kwenye mashine, kwa hiyo hakuna madhara. Kwenye waya wa Kijapani inarudi moja kwa moja tumboni mwa mashine. Ukiupima, kwenye pini ya nane mita inatakiwa inyamaze. Mita ikilia, usithubutu kuuchomeka.

Nilikuwa nayajua haya. Katana alinifundisha, na nilimrudia neno kwa neno.

Baharia aliitwa Bwana Shee. Alileta mashine aliyoinunua Japani, tundu lake la umeme limelegea. Katana akalichomelea jioni, kazi safi. Asubuhi Bwana Shee akaja kuichukua, meli yake yaondoka siku ile ile, na akataka kwanza aione picha kwenye ile televisheni ya Ulaya aliyoisikia sifa zake. Anatizama saa. Bwana Murtaza anamsifia. Katana alikuwa mlangoni akimsaidia mteja kubeba redio. Mita ilikuwa kaunta, chini ya kiwiko cha tajiri. Na mimi nilitaka siku moja, siku moja tu, nionekane nina kasi kama fundi.

Nikatia mkono kwenye boksi, nikachukua waya wa pini ishirini na moja. Ulifanana na wote. Nikautia tone la rangi nyekundu.

Katana akarudi akaliona tone likimetameta. "Mishi, umeupima?"

"Nimeupima."

Nikainama nyuma ya televisheni. Mengine mmeshayasikia.

Bwana Murtaza aliuchomoa waya kwa haraka hata rangi ya kucha, bado mbichi, ikampaka doleni, na alama ya dole gumba lake ikabaki kwenye kichwa cha waya. Akaifungua mashine. Tundu la umeme na tundu la waya wa picha yalikuwa yamepakana, na weusi wa kuungua ulikuwa pale pale pembeni ya risasi ya Katana. Sote tuliuona.

"Katana," akasema Bwana Murtaza polepole. "Huu ni mkono wako."

Katana aliinama akaitizama kazi yake kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia, si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayeuliza njia. "Mishi. Waya ule umeupima?"

Mara ya pili. Nilikuwa na nafasi ya pili, wanangu, mkononi mwangu.

"Nimekwambia nimeupima," nikasema, na nikaongeza sauti.

Bwana Shee alipewa mashine nyingine, akaenda kwenye meli yake. Katana alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki: taulo, kikombe, bisibisi mbili. Tajiri hakumfukuza kwa maneno makali. Alisema tu kwamba hawezi kumpa tena mashine ya mtu, na fundi asiyepewa mashine hukaa dukani afanye nini? Kesho yake nilikalia kigoda chake. Waya ukarudishwa kwenye boksi la nyaya nzima, kwa kuwa una alama nyekundu. Televisheni ile ikauzwa wiki hiyo hiyo, na nyaya za aina ile hazikuhitajika tena.

Mnishangae kwa uongo, ni haki yenu. Mimi najishangaa kwa kingine. Niliamini. Baada ya siku chache nilikuwa nakumbuka kabisa kwamba niliupima, naiona mita, naisikia ikinyamaza. Na wakati huo huo, tangu siku ile sikuchomeka tena waya bila kuupima, hata mmoja, hadi wateja wakanicheka. Mkono ulikuwa unajua kitu ambacho kichwa kilikataa kukisikia.

Mwezi huu, Rukia, binti wa dada yangu, mwalimu, alinijia kwa furaha. Amepata mashine ya Japani, aina ile ile ya Bwana Shee, na televisheni ya Ulaya nzito hata imebebwa na watu wawili. "Khalati, picha tu ndiyo imebaki!" Nikatoa bati la biskuti ambalo Bwana Murtaza alinipa nilipostaafu, limejaa nyaya zilizobaki dukani. Chini kabisa nikaupata waya wa pini ishirini na moja.

Ulikuwa na tone jekundu. Tone lilikuwa limepakazwa, na ndani yake mistari ya dole gumba, safi kama muhuri wa cheti.

Nikachukua mita. Kwa mazoea tu. Nikagusa pini ya nane, nikagusa upande wa mashine.

Mita ikalia.

Nikabadilisha betri ya mita. Ikalia. Nikasugua pini kwa mswaki, nikapima tena. Ikalia. Nikafungua kichwa cha waya kwa bisibisi, nikaona kwa macho yangu uzi ule mdogo umeunganishwa vile wanavyounganisha Wajapani, umekaa pale tangu siku zile ukiningoja.

"Khalati!" Rukia akanishika bega. "Umepigwa na shoti?"

"Haujachomekwa popote, mwanangu."

"Mbona umeukodolea macho hivyo?"

Niliketi sakafuni, mimi na goti langu hili bovu, na ile kumbukumbu ya mita kunyamaza ikanitoka kichwani. Haikuwepo. Haikuwahi kuwepo. Nilichoona ni kiwiko cha Bwana Murtaza na mita chini yake.

Niliuliza huku na huku hadi nikaambiwa Katana anaishi Buxton. Nikatia waya na mita kwenye kikapu, nikaenda asubuhi ya Jumamosi.

"Hodi!"

"Nani yuwapiga hodi?" Sauti ya mwanamke. Alikuwa mkewe, Mama Sidi. Akanitizama, akanikaribisha bila kuniuliza zaidi, maana wageni hawaulizwi mlangoni. Korido ilikuwa na giza. Akanishika mkono nisijikwae.

"Niwie radhi dada, balbu imeungua tangu juzi, twangoja jirani arudi safari. Mume wangu huyu hata balbu hatii. Atakwambia ana mkono mbaya."

Katana aliinuka kutoka kitini. Nywele zote nyeupe, vidole vile vile. Alinijua papo hapo, akacheka.

"Dada wa betri! Umekuja kuniuzia?"

"U hali gani, Katana?"

"Mzima. Nimezeeka kwenye yadi za makontena kule Shimanzi, karani, kalamu na karatasi. Vitu visivyoungua." Akacheka tena. "Kaa. Mama Sidi, tupatie chai. Huyu ndiye fundi, mimi nilikuwa mwanafunzi mbaya."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Badala yake nikautoa waya nikauweka mezani, na mita kando yake.

"Dole la Bwana Murtaza hilo," nikasema.

Aliacha kucheka. Aliusogeza karibu na dirisha, akaligeuza lile tone. Kisha akaichukua mita, na hapo ndipo niliposhtuka zaidi: mikono ile haikusahau kitu. Haikutafuta. Ilikwenda yenyewe, pini ya kwanza, ya pili, mita inanyamaza au inalia panapostahili. Alipofika ya nane, ikalia, akaiacha ilie. Mama Sidi alisimama na birika mkononi.

"Ya nane," akasema Katana.

"Ya nane."

"Na kisanduku chetu kilikuwa chatoa kumi na mbili."

"Kumi na mbili."

"Nikakuuliza kama umeupima."

"Ukaniuliza."

"Mara mbili, Mishi."

"Mara mbili. Nilikuwa sijaupima. Nilisema uongo, kisha nikauamini. Risasi yako haikuwa na kasoro yoyote."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi, wallahi. Alitizama viganja vyake, akavigeuza, akavitizama upande wa pili, kama vimerudishwa leo kutoka kwa mtu aliyeviazima.

"Watoto wangu walikuwa wakiniletea vigari vyao vibovu," akasema. Hakuwa akisema nami. "Nikiwaambia, baba hajui."

Mama Sidi aliweka birika chini. Hakumimina.

Vijana, nimewaahidi jibu, basi lichukueni hapa, kabla sijamaliza. Nunueni waya wowote mtakaoweza, wa bei mtakayoweza, lakini mtu asikwambie unafaa kwa kuwa kichwa kinaingia. Pima mwenyewe. Na ukiulizwa kama umepima na hujapima, sema hujapima. Ni neno jepesi, mteja atangoja dakika mbili, meli haitaondoka.

Katana aliinuka. Aliingia chumbani, akatoka amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya ibada.

"Bwana Murtaza yu hai?"

"Yu hai. Yuko juu ya duka, masikio tu ndiyo yamepungua."

"Nitasema kwa sauti."

"Waenda wapi na chai iko mezani?" mkewe akauliza.

"Ndia Kuu."

Nikainuka na mimi, nikatafuta kikapu changu. "Twende sote, Katana. Nitamwambia mimi mwenyewe."

"La." Aliuzungusha waya taratibu, mizunguko sawasawa, vile alivyonifundisha ili usivunjike ndani, akautia mfukoni. Kisha akanyoosha mkono, nikampa mita. "Siku ile ulisema wewe. Leo nitasema mimi. Wewe kaa, unywe chai."

Alipita kwenye korido ya giza bila kugusa ukuta, na mlango ukafungwa nyuma yake.